Mtoki wa mtoto kwenye kinena: bibi yake anataka ukatwe

MamaWaTatu_Kadutu
Jumapili, saa 3:10 usiku

Jambo sana wapendwa. Watoto wamekwisha lala, mimi usingizi haunijii, na sina wa kumuuliza saa hii.

Mtoto wangu wa pili ni mvulana wa miaka 7. Alhamisi nilikuwa namwogesha kwenye beseni, mkono wangu ukagusa kitu kwenye kinena chake, upande wa kuume, pale paja linapokutana na tumbo. Kidonge kama harage bichi. Nikikisukuma kinateleza chini ya ngozi. Nikikibonyeza anasema "mama, inauma". Leo asubuhi naona kimekua, kimefika kama karanga yenye ganda lake. Jana usiku alikuwa na joto kidogo, lakini anakula, na mpira anacheza kama kawaida.

Mama mkwe amesema huo ni mtoki, na mtoki dawa yake ni wembe, uchanjwe damu mbaya itoke. Kuna mzee anamjua huko juu, wangempeleka Jumanne. Baba yake anasema ni ngiri, tayari anahesabu pesa za operesheni ambazo hatuna. Jirani naye ametamka neno "karuho", ati mtoto amelishwa sumu, na tangu alitamke mama mkwe anamchunguza kila mtu anayeingia uani.

Naomba mwenye kujua anieleze. Mtoki ni kitu gani hasa? Unatoka wapi? Nimkimbize usiku huu au ningoje?


Muuguzi_Bagira
Jumapili, saa 3:52 usiku

Mama, kabla ya yote: asikatwe. Wala asikandwe kwa maji ya moto, wala asichuliwe. Mengine tutayaongea taratibu, lakini hilo lishike usiku huu.

Nina miaka 19 katika uuguzi, mingi yake kwenye kituo cha afya, na watoto walioletwa kwetu baada ya mtoki kukatwa kwa wembe ninawakumbuka wote. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 5, kidonda kilikuwa kinatoa maji mchana na usiku, kitambaa hakikai saa moja bila kulowa. Mama yake alifikiri ni usaha. Haikuwa usaha. Yalikuwa maji ya mwili yenyewe, yaliyokatiwa njia yake.

Nitakueleza kwa mfano wa huko kwenu. Mvua ikinyesha Kadutu maji hayakai juu ya mlima. Mengine yanapita kwenye barabara, mengine yanazama udongoni na kutokea chini kwenye ukuta wa jirani, na yote yanatafuta ziwa. Mfereji ukizibwa na viroba na chupa, unaamka asubuhi unakuta maji chini ya kitanda. Mwili nao una mvua yake. Damu inapopita kwenye vimishipa vyembamba kabisa, sehemu ya maji yake inavuja na kuinywesha nyama. Mengi yanarudi kwenye damu. Lakini kila siku yanabaki kama lita 3 hivi ambazo hazirudi kwa njia hiyo, na kama hazichukuliwi mtu angevimba mwili mzima. Kuna mifereji yake maalumu ya kuyachukua, ndiyo mishipa ya limfu. Limfu ni hayo maji.

Mishipa hiyo inaanzia katikati ya nyama, ncha yake imezibwa, na kuta zake zimelaliana kama mabati ya paa. Maji yakizidi nje, mabati yanafunguka kwa ndani na maji yanaingia. Yakitaka kutoka, yanajifunga yenyewe. Humo hakuna moyo wa kusukuma. Mshipa unajikamua kidogo kidogo, misuli ya mguu inaukamua mtu akitembea, pumzi inavuta kutoka juu, na ndani kuna vali nyingi zinazozuia maji yasirudi chini. Kwa hiyo maji ya kidole cha mguu yanapanda mwendo wa pole, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kinena.

Na pale kwenye kinena kuna tezi. Zinaitwa tezi za limfu, munganga, yaani daktari, atakuambia "ganglioni". Mtu ana mamia ya hizo, zimejikusanya zaidi kwenye shingo, kwapa, kinena na ndani ya tumbo. Umbo lake ni la harage hasa, na hata wewe umeandika harage bila kuambiwa na mtu. Maji yanaingia kwa mishipa mingi upande wa mgongo wa harage, yanapita ndani polepole, yanatoka kwenye kijishimo cha tumbo lake. Huko ndani wanakaa askari wa mwili.

Kwa nini wakae humo na wasingoje kidoleni? Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ninawaeleza kina mama hata kama foleni ni ndefu. Chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti, kila moja inatambua umbo moja tu la adui. Moja inajua surua, nyingine inajua kijidudu cha koo, nyingine inajua kitu ambacho pengine mtoto hatakutana nacho maisha yake yote. Wale wanaojua kijidudu fulani ni wachache mno. Wangetembea mwili mzima wakitafuta kidonda kimoja cha kidoleni, wangefika mtu amekwisha oza. Wewe ukitaka kumpata mtu wa kijiji chenu hapa Bukavu, hupandi kila mlima ukiita jina lake. Unakwenda soko la Kadutu unamngoja, siku haiishi atapita. Tezi ni soko. Chembe zingine zilizokuwa zinalinda ngozi zinameza kijidudu kidondani, zinachukua kipande chake, zinapanda nacho kwenye mfereji hadi sokoni, zinakionyesha kwa kila anayepita. Limfosaiti wanaingia na kutoka mchana na usiku, wakitoka tezi moja wanakwenda nyingine. Siku inafika, anayekijua anapita. Anasimama. Anaanza kugawanyika, mmoja wawili, wawili wanne, mpaka maelfu. Wengine wanatengeneza kingamwili, wengine wanakwenda wenyewe kidondani kuua chembe zilizoambukizwa.

Sasa soko likijaa hivyo, tezi inavimba, ngozi yake inanyooka, ndiyo maana inauma ukibonyeza. Mtoki ni huo. Si damu mbaya. Ni pahali mwili unapofanya kazi.

Kwa hiyo swali langu kwako si la mtoki, ni la mguu. Tezi za kinena zinapokea maji ya mguu, ya matako, ya ngozi ya sehemu za siri na ya tumbo chini ya kitovu. Kesho asubuhi kukiwa na mwanga, mlaze, mkague upande wa kuume kuanzia kwenye kucha. Tenganisha vidole kimoja kimoja. Halafu uniandikie umeona nini.

Na kuhusu ngiri: ngiri inatokeza akikohoa au akilia, na mara nyingi inarudi ndani akilala. Mwambie akohoe, weka kidole hapo. Ikiwa donge limekuwa gumu ghafla, linauma sana na mtoto anatapika, hapo usingoje asubuhi. Shika pia korodani zote mbili uone kama zimeshuka. Ikiwa moja haipo, tuambie.


Mitishamba_Asili
Jumapili, saa 4:20 usiku

Mama pole. Hiyo ni limfu chafu imeganda. Mtoto anatakiwa asafishwe. Tuna mchanganyiko wa majani, anakunywa siku 7, uchafu wote unatoka kwa choo na mtoki unaisha wenyewe. Niandikie kando.


Muuguzi_Bagira
Jumapili, saa 4:31 usiku

Ndugu, siwezi kunyamaza kwa hili kwa sababu ni mtoto. Limfu haigandi kama uchafu wa bomba na haitoki kwa choo. Inarudi kwenye damu, chini ya mitulinga, ile mifupa miwili kati ya shingo na mabega, na figo na ini ndizo zinazotoa taka. Hakuna kinywaji kinachosafisha tezi. Mtoki wa kawaida unaisha wenyewe wiki 2, 3, hata 4, ukinywa majani au usiponywa, na ndiyo maana kila dawa ya mtoki inaonekana imeponya. Majani mengine yanaharibu figo za mtoto. Mama, usimpe.


Mwanafunzi_wa_medisini
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mama muuguzi ameeleza vizuri kuliko nilivyofundishwa darasani. Naomba niongeze kitu kimoja tu, ni cha chakula.

Mwaka wa pili tulisoma habari ya Gaspare Aselli, mganga wa Italia. Mwaka 1622 alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetandaa kwenye utando unaoshika matumbo. Alidhani ni neva. Alipochoma moja yakamwagika maji meupe kama maziwa. Mbwa mwingine ambaye hakuwa amekula hakuonyesha kitu. Kitabu chake kilitoka 1627, mwenyewe amekwisha kufa.

Mimi niliposoma hivyo nilifikiria sombe ya mama yangu, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Sukari ya fufu na vitu vya nyama vinapita kwenye damu kwenda ini moja kwa moja. Lakini mafuta ya mawese hayapiti huko. Yanaingia kwenye mishipa ya limfu ya utumbo, limfu inakuwa nyeupe, inapanda kwenye mfereji mkuu ulio mbele ya uti wa mgongo, urefu wake karibu sentimeta 40, na kumwagika kwenye mshipa wa damu chini ya mtulinga wa kushoto. Mfereji huo huo unabeba maji ya miguu yote miwili, ya tumbo, na ya upande wa kushoto wa kifua, mkono na kichwa. Upande wa kuume wa juu una mfereji wake mdogo. Yaani mafuta ya sombe na maji ya kidole cha mtoto vinakutana safarini kabla ya kufika kwenye moyo.

Pia watu wanachanganya tezi na bandama. Bandama ni ndugu yake, lakini inachuja damu, siyo limfu. Ndiyo maana malaria ya mara kwa mara inavimbisha bandama.


Bibi_wa_Nguba
Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Wanangu, mimi si mganga, lakini hiyo mifereji naijua kwa mkono wangu wa kushoto.

Nilipasuliwa titi miaka 6 iliyopita, na tezi za kwapa zikaondolewa kwa sababu ugonjwa ulikuwa umefika huko. Waliniambia mapema kwamba kansa ikitoka kwenye titi mara nyingi inafuata njia ya limfu, kituo cha kwanza ni kwapa. Hilo nililielewa. Ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba mkono ungebaki bila mfereji wa kutosha. Mwezi wa nne niliamka pete haitoki kidoleni. Jioni bangili ilikuwa imezama. Ukibonyeza ngozi kidole kinaacha shimo, na shimo halirudi haraka. Nilikuwa bado nabeba beseni la sambaza, wale samaki wadogo, kutoka ufukweni kila alfajiri.

Nililia zaidi kwa mkono kuliko kwa titi, maana mkono watu wanauona na kila mmoja ana maneno yake.

Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenifundisha. Asubuhi na jioni nakaa, mkono juu ya mito miwili, napumua kwa tumbo pole pole mara kumi, halafu nafunga ngumi na kufungua, nakunja kiwiko, nainua bega. Halafu nafunga bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu, chini imekaza kidogo, juu imelegea. Kisha ngozi: naosha, nakausha, napaka mafuta. Mwaka wa pili cheche ya mbabula, jiko la makaa, iliniruka mkononi, kidonda kama punje ya mchele, sikukijali. Siku ya pili mkono wote mwekundu, moto, homa ya kutetemeka, nikalazwa siku 5. Munganga alisema mkono wangu hauna tena kituo cha askari karibu, kidudu kikiingia kinatembea bila kuulizwa. Tangu hapo nikipika navaa mkono mrefu.

Mama wa mtoto, ndiyo sababu nimeandika haya. Yule mzee wa wembe atamkata mwanao kitu ambacho mimi natamani kurudishiwa.


MamaWaTatu_Kadutu
Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Bibi, nimesoma maneno yako kwa sauti mbele ya mama mkwe. Alikaa kimya. Kisha akauliza "ule mkono sasa unaendeleaje?"

Mama muuguzi, nimemkagua. Amekohoa, donge halikusogea wala kutokeza. Korodani zote zipo. Kati ya kidole gumba na cha pili, mguu wa kuume, nimekuta kidonda. Kwa juu kimekauka, nimebonyeza pembeni kimetoa usaha kidogo. Nilimbana aseme. Wiki iliyopita walikuwa wanatoana funza na wenzake nyuma ya masomo, kwa pini moja wote. Alificha kwa sababu nilimkataza kutembea bila viatu. Tena kuna mstari mwekundu mwembamba umepanda mpaka kwenye kifundo. Huo ni nini?


Muuguzi_Bagira
Jumatatu, saa 3:28 asubuhi

Mama, ahsante kwa kutazama vizuri hivyo. Huo mstari ni mfereji wenyewe. Mshipa wa limfu ukiwaka kwa kidudu unaonekana juu ya ngozi, mwekundu kama uzi. Ni ishara kwamba kidudu kimeanza kupanda, na hapo hatungoji. Nenda kituo cha afya asubuhi hii, si kesho. Atahitaji antibiotiki ya kunywa, kipimo kinafuata uzito wake, basi usinunue vidonge vya rejareja. Kidonda kisafishwe huko. Chukua karatasi yake ya chanjo, uulize habari ya pepopunda, kwa sababu pini ya funza ni njia yake. Kabla ya kutoka chora kwa biki mahali mstari ulipofika, ili huko waone kama unapanda.

Mwambie na baba yake aweke pesa za operesheni. Na jirani wa karuho umwambie sumu haichagui tezi za kinena cha kuume peke yake.

Nikiwa bado hapa, kwa wengine wanaosoma. Mtoki unaouma, unaoteleza, wenye kidonda karibu, mara nyingi ni kazi ya kawaida ya mwili. Unaonitia hofu ni ule usiouma, mgumu kama jiwe, umeshikana na nyama ya chini, unaendelea kukua baada ya wiki 4. Au ulio juu ya mtulinga. Au tezi za shingo zilizoshikana kama kichala, mtu anakonda, anatoka jasho usiku: hapo tunatafuta kifua kikuu hata kama hakohoi. Tezi zikivimba shingoni, kwapani na kinenani kwa pamoja, tunapima damu, na kipimo cha VVU kimo. Na kama mtu ametoka mkoa wa Ituri, mtoki umevimba kwa siku moja au mbili, unauma hata hawezi kunyoosha mguu, homa kali, huyo apelekwe mara moja na aseme alikotoka. Tauni bado ipo huko, inaingia kwa kuumwa na kiroboto, na dawa inafanya kazi ikianza mapema.

Mtoto mchanga akivimba kwapa upande aliochomwa chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, msiogope wala msitumbue, mleteni tuangalie. Chanjo nayo inakwenda sokoni. Mara ya kwanza mwili unachukua wiki 1 hadi 2 kutengeneza kingamwili za kutosha, lakini wanaokumbuka wanabaki, na kidudu chenyewe kikija siku nyingine wanaamka ndani ya siku chache. Surua inawaua hao wanaokumbuka, mtoto anapona surua halafu anaugua vitu ambavyo mwili wake ulikuwa umekwisha vijua. Kuanzia 2019 hadi Januari 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wadogo. Nilikuwa kazini miezi hiyo. Pelekeni watoto wachanjwe.


Mwanafunzi_wa_medisini
Jumatatu, saa 4:02 asubuhi

Mama, ukifika waambie neno "mstari mwekundu" mlangoni kabisa, watakupitisha mbele.


MamaWaTatu_Kadutu
Jumatano, saa 2:45 usiku

Ahsanteni wote. Tulienda Jumatatu ileile, mama mkwe alinisindikiza mwenyewe, alimbeba mtoto mgongoni kwa kikwembe mpaka kwenye mlango ingawa anaweza kutembea. Walikuta kipande cha funza kimebaki ndani. Wamempa dawa ya siku 7. Chanjo ya pepopunda ilikuwa imebaki ya marudio, wamemchoma.

Alama ya biki bado ipo kwenye kifundo. Mstari haukuipita, na leo hauonekani tena. Donge bado lipo, lakini halimuumi, na nikilishika limerudi kama harage. Muuguzi wa huko naye alisema litachukua wiki kadhaa.

Bibi wa Nguba, mama mkwe anakuuliza kama bandeji zako unazipata wapi. Dada yake wa Walungu ana mguu uliovimba tangu zamani, amelima udongo mwekundu bila viatu maisha yake yote, na sisi siku zote tulisema amerogwa.


Muuguzi_Bagira
Jumatano, saa 3:20 usiku

Mwambie asimpeleke popote kwa wembe. Kuna ugonjwa wa miguu kuvimba unaoletwa na udongo wenyewe, kwenye milima mirefu yenye udongo wa volkano na mvua nyingi. Unajulikana Ethiopia, Kameruni, na hapa ng'ambo Rwanda. Chembe ndogo za udongo zinaingia kwa ngozi ya nyayo miaka na miaka, zinawasha mifereji ya limfu mpaka inaziba. Hauambukizi. Lakini miguu inavimba kwa sababu nyingi, moyo na figo pia, basi aonwe kwanza na munganga. Ikiwa ni huo, anaanza na maji safi na sabuni kila siku, kukausha katikati ya vidole, mafuta, soksi na viatu vilivyofungwa, mguu uinuliwe akikaa.

Miguu yote miwili imevimba, au mmoja? Na ilianzia kwenye vidole au kwenye paja? Niandikie kesho nikitoka zamu.